Naserian Hakuulizwa

Usiku ule wa kuamkia kikao cha wazee, nililala chini karibu na mlango, kwa sababu kitanda nilikuwa nimempa wifi yangu Nashipai. Alikuwa amefika kwangu siku tatu kabla, taya limevimba, mtoto mgongoni. Aliyempiga ni Lemayan, kaka yangu wa tumbo moja. Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kimeshapokea wanawake wengi waliokimbia vipigo, lakini hao walikuwa wa kwa watu. Huyu alikuwa wa kwetu. Mama alikuwa ametuma neno: Lemayan atatoa mtamba wa ng'ombe kwa baba mkwe wake, mke arudi, yaishe. Wazee walinitaka nije niseme neno la familia. Sikuwa nimejibu.

Usingizi uliponichukua, nilimwona dada yangu Naserian, marehemu. Alikuwa mbele yangu kwenye njia ya kwenda kwa mumewe, njia ileile niliyomsindikizia mimi mwenyewe, alipokimbia vipigo akaja nyumbani mara ya pili na baba akaagiza arudishwe. Tulimzika kabla mvua za mwaka ule hazijaanza.

Katika ndoto ni msichana bado, vumbi limemfika magotini. Natembea nyuma yake, kisha pembeni yake, kisha nimemshika kifundo cha mkono. Nataka kumwachia, vidole havifunguki. Sasa tumeketi kwenye benchi la zahanati, nesi anauliza ameumiaje, na anayejibu ni mimi: ameangukia jiwe. Nasikia sauti yangu ikirudia, ameangukia jiwe. Naserian ananitazama tu. Ukuta wa zahanati umekuwa uzio wa miiba, na lango la boma la mumewe liko wazi. Ndani wazee wameketi, mama yupo, Lemayan yupo, wanakunywa chai. Hakuna anayegeuka. Namvuta dada yangu. Anakuja bila kubisha, na hilo ndilo linalonitisha. Ninapoutazama mkono nilioubana, si wake. Ni wa Nashipai.

Naserian amesimama nje ya lango, peke yake.

"Mliongea siku nzima," anasema. "Mimi hamkuniuliza."

Nataka kumwomba radhi. Anatikisa kichwa, kama mtu asiye na muda.

"Huyo muulize, kabla hawajakaa."

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Nashipai alikuwa ameketi kitandani, amevaa, mzigo wake ameshaufunga. Akasema amefikiri sana, na hataki kunigombanisha na ndugu zangu, hivyo twende tu, watakalosema wazee atalifuata.

"Wifi," nikamwambia, "wewe unataka nini?"

Akainama, akamfunika mtoto vizuri, ingawa mtoto hakuwa wazi.

"Sitaki kurudi," alisema mwishowe. "Na nataka wasikie kwangu, si kwako."

Tulikwenda na akina mama tisa wa kikundi. Wazee wakanigeukia mimi, dada wa mume, wakataka nianze. Niliwaambia mwenye maneno yupo, nikaketi. Nashipai akasimama. Mzee mmoja akataka kumkatiza, akina mama wote tisa wakasimama pamoja na Nashipai, na yule mzee akanyamaza. Wifi yangu alisema mpaka akamaliza. Lemayan hakunyanyua uso.

Nashipai hakurudi kwake. Mama hajanisemesha tangu siku ile.