Mwalimu Perpetua na Walioacha Chuo

Perpetua Margwe, mwalimu wa darasa la tatu huko Tumati, alikuwa na miaka arobaini na moja alipoanza shahada ya ualimu kwa njia ya mtandao. Mwaka wa tatu alitakiwa kufanya utafiti, akachagua jambo lililokuwa likimkera: walimu ishirini na wawili wa Mbulu na Hanang walianza pamoja, mbona wamebaki tisa?

"Ni mtandao unasumbua," alisema mumewe, Bonaventura. "Andika hivyo umalize."

Perpetua hakuridhika. Likizo ya Juni alipanda basi, akawafuata wale kumi na watatu mmoja mmoja. Katika kijiji cha Hirbadaw alimkuta Mwalimu Gidamis, mtu mzima wa miaka hamsini na minne, akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umefuata nini huku kwetu?"

"Nataka kujua kwa nini uliacha chuo. Ni mtandao?"

Gidamis akacheka. "Mtandao upo. Nilituma kazi yangu ya kwanza, kurasa kumi. Nikasubiri miezi miwili, ikarudi na alama tu: hamsini na mbili. Hakuna hata neno moja. Nikajiona naongea na ukuta."

Hadi Perpetua anamaliza safari, watu kumi walikuwa wamemwambia hivyohivyo! Hakungoja kuandika ripoti. Aliwaunganisha wote kwenye kundi la simu, na kila Jumamosi saa kumi jioni wakawa wanasomeana kazi zao za chuo na kuambiana palipokaa vizuri na palipopwaya. Gidamis akarudi chuo, na wengine wanne nyuma yake.

Siku ya kutetea utafiti alikaa kwenye jiwe nyuma ya zizi, kitenge kichwani ili jua lisimzuie kuona kioo cha simu.

"Una uhakika gani kwamba ni kundi lako lililowarudisha?" aliuliza Dokta Farida, mmoja wa wahadhiri watatu waliokuwa wakimsikiliza kwa video.

"Sina uhakika kamili, Dokta. Ni watu watano tu. Lakini kila mmoja ameitaja Jumamosi. Naomba chuo kijaribu kwa wengi."

Wahadhiri wakanong'onezana. "Umefaulu," alisema Dokta Farida. "Na muhula ujao tunajaribu. Wewe utatusaidia kupanga."

Perpetua aliruka kutoka kwenye jiwe, akampigia Gidamis hapohapo. Mzee alipiga kelele za furaha hadi mkewe akatoka jikoni mbio, kuuliza nani amejifungua.