Friji Isiyogandisha

Enzi zetu pale Tunduma, friji haikukaa jikoni. Jikoni kulikuwa na moshi, masufuria meusi na kuku wa jirani walioingia bila hodi, na hakuna mwenye akili zake ambaye angepeleka kitu cha thamani ile kikafukizwe. Friji ilikaa sebuleni, karibu na redio, imevishwa kitambaa cha kufuma na juu yake maua ya plastiki. Mgeni akiingia alisalimia watu huku jicho moja liko kule. Mtaa wetu mzima ulikuwa nayo moja tu, ya Mama Neema, muuza soda. Sisi wengine tulikuwa na mitungi, na kusema kweli hatukupungukiwa. Mwezi wa sita na wa saba maji ya mtungi yaliuma meno, na asubuhi tukienda shule tulitoa moshi mdomoni tukijifanya wavuta sigara.

Mliokua miaka ile mnakumbuka. Mnakumbuka tulivyocheza rede kwa mpira wa soksi mpaka malori ya barabara kuu yanawasha taa. Tulivyotumwa sukari Nakonde, upande wa Zambia, tukavuka mpaka peku kama tunakwenda nyumba ya pili, tukarudi na mfuko uliotobolewa kwa kidole na midomo inayonata. Makande ya Jumamosi. Samaki wakavu wa migebuka walionuka mpaka kwenye sare za shule. Nami nilicheza, nilikula, nilichapwa kama wengine, ila nilicheza sikio likiwa nyumbani. Mimi ni mtu wa wasiwasi, sifichi, na wasiwasi wangu una mwanzo wake.

Mdogo wangu Tabitha alikuwa darasa la pili alipoanza kunywa maji kama mtu aliyelamba gunia la chumvi. Anakunywa, anakwenda chooni, anarudi mtungini. Nguo zikaanza kumpwaya. Bibi yetu wa Ihanda akasema ni minyoo, akatuma dawa za mizizi, chungu kuliko shubiri. Mpaka siku aliyoanguka uwanjani tukicheza, ndipo Baba akampeleka hospitali kubwa Mbeya. Walirudi na jina la ugonjwa tuliodhani ni wa wazee walioshiba: kisukari. Walirudi pia na sindano, na vichupa vya dawa, akiba ya miezi, maana Mbeya hapakuwa mahali pa kwenda kila wiki. Muuguzi alimpa Mama maneno ambayo aliyarudia nyumbani mpaka sote tukayashika kama sala: "Dawa hii inataka baridi, haitaki barafu. Joto linaichosha, barafu inaiua. Ikishaganda, hata ikiyeyuka, umebaki na maji tu."

Kichupa kilichokuwa kinatumika Mama alikiweka ndani ya chungu kidogo kilichozungushiwa mchanga mbichi. Akiba ndiyo ilikuwa taabu, hasa kuanzia Oktoba, bati linapowaka.

Sasa nawaomba mkumbuke na jambo jingine la miaka ile, lisilo tamu. Watu walikuwa wanakonda, wanakufa, na ugonjwa wenyewe hautajwi. Mji wetu wa mpakani ulinyooshewa kidole kuliko miji mingine. Nyumba yenye sindano ilisemwa. Mama aliwaza mtoto aliyekonda, anayechomwa asubuhi na jioni, akaona jinsi wenzake watakavyohama dawati. Akaamua watu wasijue. Akavipanga vile vichupa ndani ya kopo la maziwa ya unga, akalifunga kwa plasta, akalipeleka kwa Mama Neema.

"Nisaidie kunihifadhia chanjo ya kuku," akamwambia. "Hapo chini tu, karibu na soda."

Kuku wenyewe hatukuwa nao hata mmoja.

Kazi ya kwenda kulichungulia lile kopo ikawa yangu. Nabisha hodi, naamkia, nasema nimetumwa kuangalia chanjo. Friji ya Mama Neema ilikuwa ya milango miwili, ndefu kuliko Baba, chumba cha juu cha barafu na cha chini cha baridi. Na ukiwa na friji mtaani kwetu, ilikuwa friji ya mtaa. Huyu analeta nusu kilo ya nyama, yule samaki, mwingine chupa ya maji tu ili na yeye anywe ya baridi Jumapili. Kumkatalia mtu kulikuwa ni kutangaza uadui. Kila nilipokwenda nililikuta kopo limesogezwa, nikalirudisha karibu na soda.

Krismasi ikafika. Nyama ikaja kwa beseni. Nilipokwenda kuangalia, Mama Neema alikuwa amezungukwa na wageni, mikono imelowa, akanirudisha mlangoni. "Ipo salama, mwanangu. Mwambie mama yako asiwe na shaka."

Baada ya sikukuu umeme ukakatika, siku za kutosha watu kula nyama yao haraka haraka. Kabla haujarudi, Mama akaenda kuchukua kichupa kipya, Mama Neema akamtolea kopo mlangoni, naye Mama akaanza kukitumia. Tabitha akaanza tena kunywa maji.

Mama alidhani anapima vibaya. Akabadilisha sindano, akabadilisha paja, akapunguza ugali. Mtoto anazidi kulegea. Siku ya tatu alitapika, na pumzi yake ikawa na harufu ya mapera yaliyoiva yakapitiliza. Mpaka leo sili mapera. Alilala kwenye mkeka sebuleni, akihema kama aliyepanda mlima, nami nilikaa kando yake nikihesabu kifua chake kwa macho, nikiogopa hata kupepesa.

Mama Neema akaja kumjulia hali, na bakuli la uji wa mchele. Aliambiwa ni malaria. Akakaa, akampa pole Mama, halafu katika kutafuta neno la kufariji akasema, "Hata kuku wako usiwe na wasiwasi nao, Mama Eva. Ile chanjo sikuiacha chini. Nilisikia chanjo ni kitu cha barafu, nikaipandisha juu kabisa, katikati ya nyama. Nisije nikakuulia kuku bure."

Mama aliinuka, akambeba Tabitha mgongoni kama mtoto mchanga, akatoka kumtafuta Baba sokoni alikouza mahindi. Lori la kwanza lililokubali likawachukua wote watatu kwenda Mbeya. Mimi niliachwa kwa Mama Neema. Alinipikia wali, alinitandikia kitanda cha Neema, alinishika kichwa akaniombea. Na mimi nilijua ni nini kilichomfikisha mdogo wangu pale, na sikuruhusiwa kusema, na yule mama alikuwa mwema hata nikashindwa kumchukia. Nilikaa pale mpaka dereva mmoja alipoleta salamu kwamba mtoto amefumbua macho na ameomba chai.

Waliporudi, hakukuwa na mjadala tena wa kama tununue friji. Mjadala ulikuwa friji gani.

Karibu na barabara kuu alikuwako Mzambia mmoja, Ba Chanda, "Ba" ikiwa heshima ya kwao, aliyeuza vyombo vilivyotumika kutoka kusini. Baba alivaa koti la Jumapili kwenda kuchagua. Ba Chanda akatupeleka moja kwa moja kwenye ya milango miwili, akaipiga kofi ubavuni.

"Bwana, hii ndiyo friji ya mwanaume. Juu barafu, chini mboga. Au hii friza ya kulala, unalaza ng'ombe mzima humu. Mayo, huyu mama, atauza barafu, mtaa wote utakuja kwake."

Baba alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nilijua anaona kitambaa cha kufuma na maua. Mama yeye alikuwa ameinama pembeni kwenye kitu kifupi, cha rangi ya maziwa, mguu mmoja una kutu, kimetoka kwenye chumba cha hoteli huko.

"Hii inagandisha?"

Ba Chanda akajikuna kichwa. "Mayo, hiyo nisikudanganye. Inapoza soda tu. Hata barafu ya kunyonya haitoi. Watu wananirudishia."

"Haigandishi kabisa?"

"Awe, hapana, mayo. Kabisa."

"Basi ndiyo hiyo."

Baba akamvuta pembeni. "Watu watatucheka, Mama Eva. Tuongeze kidogo, tupate ya heshima."

"Ukileta ile," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, "Krismasi nyama ya mtaa mzima italala kwetu. Nitamkataliaje Mama Neema, ambaye hajawahi kunikatalia? Na nikikubali, mwanangu atakaa wapi humo ndani?"

Baba aliliangalia lile koti lake kama ameligundua sasa hivi. Kisha akaita mkokoteni.

Tulichekwa, bwana. Kwanza watu walikuja na vyombo vyao, wakatega maji yagande, wakavitoa kesho yake vikiwa maji matupu. Nyama ya jirani mmoja ilianza kunuka, akaibeba akinuna. Watoto wakatunga kibwagizo, "Friji ya kina Eva inachemsha chai!" Mama alikuwa anacheka nao, anasema ndiyo, tumeuziwa mbovu. Baba hakuweza kucheka. Mimi nilikuwa na kazi ileile: kila asubuhi, kabla ya shule, natia kidole kwenye kikombe cha maji kilichowekwa kando ya kopo la dawa, kuona kama kumeota hata utando wa barafu. Na ole wako ufungue mlango bila kazi. "Mlango wa friji si dirisha la kuchungulia," Mama alifoka. Siku hizi mwanangu anaufungua, anasimama, anaangalia ndani kama anaangalia tamthilia, anaufunga bila kuchukua kitu. Kila mara nakwenda kuhakikisha umefungika, naye ananiuliza, "Kwani mama, kuna nini?"

Mama Neema ndiye aliyetufumania. Aliingia kuomba chumvi, akaikuta friji wazi, Mama amepiga magoti na sindano mkononi, Tabitha amepandisha gauni anasubiri. Akatazama vichupa. Akatazama uani kwetu, ambako hakujawahi kuonekana hata unyoya.

"Mama Eva," akasema. "Kuku wako wako wapi?"

Mama akamwambia yote. Mama Neema alikaa chini palepale sakafuni, akajifunika uso kwa khanga, na nilisikia anasema, "Nilikuwa namuua mtoto. Nilikuwa namuua kwa mikono yangu." Mama akakaa naye chini. Walilia pamoja, na sindano ya Tabitha ilichelewa.

Tangu hapo, umeme ukikatika, kabla hata hatujawasha koroboi, unasikia hodi. Mama Neema yuko mlangoni na kipande cha barafu kwenye gunia, akiagiza kiwekwe mbali na vichupa. Siku barafu yake ilipokwisha, alitumwa mtoto wa nyumba nyingine na kitu kingine cha baridi. Sijui nani alimwambia nani. Hakuna aliyewahi kuuliza, na dawati la Tabitha halikuhamwa na mtu. Ila kile kibwagizo cha chai kiliendelea, maana watoto ni watoto.

Juzi nimemsindikiza Tabitha kununua friji ya nyumba yake mpya, huko Mpemba, kitongoji cha Tunduma. Ni mama mtu mzima sasa, ana mvi mbili anazozificha. Duka lina vioo, friji zimepangwa kama wanakwaya, na kijana muuzaji anaonesha kidole kwenye mlango: baridi siku hizi inaandikwa kwa namba, unabonyeza inapanda, unabonyeza inashuka. Inalia yenyewe ukisahau kuifunga. Niliuliza maswali mpaka yule kijana akatafuta kiti. Tabitha alinicheka, akalipa, tukaipeleka nyumbani, tukaiweka jikoni, mahali pake pa siku hizi.

Jikoni kwake ni kuzuri, vigae mpaka ukutani. Dirishani unaona ukuta wa jirani wenye vipande vya chupa juu, na geti lake limefungwa. Upande wa pili vilevile. Alipokuwa anapanga dawa zake kwenye rafu ya katikati, umeme ukakatika, namba zikazimika mlangoni.

"Majirani wako wanajua?" nikamuuliza.

Akaufunga mlango wa friji. "Dada," akasema, "hata majina yao siyajui."