Gari Imegoma Kutoka Fo-Wili, Akanipigia Mie

Jamani, leo Rehema kanipigia. Baada ya miaka sita!

Nilikuwa gereji hapa Tandika, nimelala chini ya gari ya mteja.

"Idi, ile gari ya baba imegoma kutoka kwenye fo-wili nzito, ile ya kupitia matope. Tupo barabarani, inatambaa tu."

Gari hiyo naijua. Transfa kesi yake, ile boksi ya gia za fo-wili, nilibadilisha mwenyewe, Rehema akinimulikia tochi na kuniuliza kila nati inakwenda wapi.

Enzi hizo tulikuwa tunapanga harusi. Kisha akapata kazi Iringa, mie nikawa nasema nitamfuata mwezi ujao, mwezi ujao...

Nikamwambia, "Simama kabisa. Weka nyutro. Sasa jaribu kile kijiti kifupi cha fo-wili, pembeni ya gia."

Namsikia anahema.

"Kinakataa."

"Usikilazimishe. Rudisha gari nyuma kidogo, taratibu, halafu ujaribu tena."

Nikasikia injini inanguruma, kisha kitu kikalia "kang!"

"Imetoka! Idi, imetoka!"

Akacheka. Nyie, kicheko kilekile! Nikacheka na mie, oili mpaka usoni. Nikataka kumuuliza kama yuko salama, kama ana raha.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanaume pembeni yake.

"Unaongea na nani?"

Rehema akamjibu,

"Fundi."

Halafu akaniambia, "Asante, fundi," akakata.

Mteja alipokuja kuuliza gari yake imefikia wapi, nilikuwa bado nimelala palepale, simu kifuani.

Kwa mteja yeyote, jioni ningepiga kuuliza kama gari imefika salama.

Huyu naogopa kumpigia. Mngekuwa nyie, mngepiga?