Kiingereza cha Sufu

Sufu ikilowa hunuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Usidanganywe na sweta la dukani lililokunjwa vizuri na kunukia sabuni. Litembeze kwenye theluji inayoyeyuka, kisha lianike juu ya hita, utamsikia mnyama mwenyewe akirudi. Juzi binti yangu alitoka shule na kofia iliyolowa chapachapa, akaitupa juu ya hita kama kawaida yake, akaenda zake chumbani. Nilikuwa nakata vitunguu. Harufu ile ilipofika jikoni niliweka kisu chini nikakaa. Aliporudi akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha hapa, mbona machozi, nikamwambia ni vitunguu.

Havikuwa vitunguu. Ilikuwa ghorofa ya kumi na moja, Flemingdon Park, nyumbani kwa Pani Milena.

Ngoja niwaeleze, maana nyinyi mnaosoma hamwezi kunikatiza kama wanavyonikatiza kanisani: Faida, hayo yamepita, Faida, samehe. Na majina nitayataja. Waliofanya walikuwa na majina, wala hawakuyaficha.

La kwanza ni Tantine Josepha, dada yake baba. Wazazi wangu walibaki upande wa Uvira, chini ya udongo, nami nikalelewa na kina mama wa kanisa kambini Kigoma, mpaka Tantine alipopata safari ya Canada akaniandikisha pamoja na watoto wake wawili. Watu walimsifu sana kwa hilo. Hata mimi nilimsifu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa nimefika darasa la tatu tu, kwa sababu shule yetu kambini ilikuwa ikifunguliwa na kufungwa kama duka la mlevi. Kitu kimoja tu nilikitaka Toronto: masomo. Theluji na televisheni sikuzijali. Nilitaka dawati ambalo sitabanana na wenzangu wanne, na mwalimu anayerudi kesho yake.

Wiki ileile ya kwanza Divine na Kevin, watoto wa Tantine, walipelekwa shule. Mimi nikaachwa na vyombo. Jioni nilimfuata Tantine jikoni.

"Na mimi, Tantine? Naanza masomo lini?"

"Weye?" Aligeuka na mwiko mkononi. "Divine mdogo, ataokota lugha kwa wenzake. Weye mkubwa namna hiyo utasimama darasani kama nguzo? Hapa mtoto mkubwa hapokelewi bila Kiingereza. Jua kwanza Kiingereza. Siku hiyohiyo nakupeleka."

"Siku hiyohiyo?"

"Si nimesema?"

Alikuwa amesema. Nami nilikuwa mtoto wa kambi, niliyezoea kwamba kila mlango una sharti lake, na mtu mkubwa akikwambia sharti unashukuru kwamba umelijua.

Jina la pili ni la Milena. Alikaa mlango wa pili kutoka kwetu, mjane wa Kicheki, mpana wa mabega, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba aliyoifuma mwenyewe. Alitaka aitwe Pani, ambayo kwao ni kama Bi. Kazi yake ilikuwa sufu. Alinunua masweta ya mitumba kwa magunia, akayafumua, akaufua uzi, kisha akafuma kofia na soksi mpya za kuuza sokoni Jumamosi. Kufuma alifuma mwenyewe, na alifuma vizuri, simnyimi haki yake. Ila kufumua kulikuwa kunamla vidole, akawa anatafuta mtu. Alikutana na Tantine kwenye chumba cha kufulia kule chini, wakaelewana, mmoja na Kiingereza kilichovunjikia kwenye Kicheki na mwingine kilichovunjikia kwenye Kifaransa. Ujira wangu ulikuwa unaingia kwenye mkoba wa Tantine bila kupitia kwangu. Sikuuliza. Niliambiwa kwamba naenda kufundishwa Kiingereza.

Na kweli nilifundishwa. Hapo ndipo pananiuma mpaka leo.

Unaanza na mshono wa begani. Unaukata kwa mkasi mdogo, taratibu, usije ukagusa uzi wenyewe. Sweta linaachana vipande: mgongo, kifua, mikono. Halafu unatafuta ncha, na ukiipata unavuta, mstari unafumuka trrr kutoka kulia kwenda kushoto, kisha kushoto kwenda kulia, na uzi unakutokea umejikunjakunja kama nywele zilizotoka kwenye misuko. Unauzungusha kwenye mgongo wa kiti mpaka uwe shada kubwa, unalifunga sehemu kadhaa, unalifua kwenye maji ya vuguvugu, kisha unalitundika bafuni na chupa ya maji kwa chini, uzito ule uunyooshe. Siku mbili baadaye uzi umelala kama haujawahi kuwa sweta la mtu yeyote.

Kwa kila kitu Pani alinipa jina mara mbili. La Kicheki lilikuwa nyongeza, kama muuza mchele anavyokutilia konzi juu ya kibaba. "Wool," alisema, akinishikisha. "Kwetu, vlna." Uzi ulikuwa yarn, kwao příze, na hiyo r yao inataka ulimi utetemeke na kupuliza kwa wakati mmoja. Nilipoipata aliniletea biskuti. Shada lilikuwa skein, přadeno. Bonge la uzi, ball, klubko. Nilipenda klubko. Nilikuwa nalisema peke yangu kwenye lifti.

Alinifundisha na misemo, maana alikuwa mtu wa maneno, na mchana ulikuwa mrefu kwake pia. Marehemu mumewe, alisema, alikuwa mkomunisti dyed in the wool, yaani aliyetiwa rangi akiwa bado sufu, kabla hajasokotwa, kwa hiyo umfue utakavyo rangi haitoki. Kwao husema skrz naskrz, mtu wa hivyo mpaka ndani kabisa. Akacheka, akafuta macho, akaendelea kufuma.

Dirisha lake lilitazama uwanja wa shule. Shule yenyewe, ile ya kina Divine. Kengele ikilia nilikuwa nasimamisha mkono nitazame makoti ya rangirangi yakimwagika nje. "Faida! Wool-gathering!" alikuwa akisema. Alinieleza: akili yako imekwenda porini kuokota manyoya ya kondoo yaliyonasa kwenye miiba. Kwa Kicheki aliniambia koukáš do blba, akakataa kunifasiria, nikajua ni tusi dogo.

Siku moja nilimwonesha dirishani, nikamwonesha kwa mikono mtu aliyeketi akiandika. Nilitaka jina la dawati.

"Baadaye," alisema. "Maliza kwanza la bluu."

Nililimaliza la bluu. Likaja la kijivu. Jina la dawati halikuja.

Vumbi la sufu liliingia kifuani mwangu, nikawa nakohoa kikohozi kikavu ambacho Tantine alikiita cha maringo. Vidole vilipasuka pembeni ya kucha. Nyumbani Divine, aliyekuwa na miaka saba na Kiingereza kinachomtiririka kama maji, alikuwa ananipima. Jina la hiki? Sijui. Na hiki? Sijui. Akinionesha soksi, najua. "Mama, Faida anaongea kama kondoo!" alipiga kelele, na Kevin akalia meee mpaka akaanguka kwenye kochi. Hata mimi nilicheka. Nilijiambia, cheka, mwenzio nikishajaza maneno ya kutosha tutaongozana asubuhi.

Msimu wangu wa pili wa baridi alikuja mama mmoja wa ofisi ya ustawi wa watoto. Nani alikwenda kusema kwamba kuna mtoto asiyekwenda shule, sijui mpaka leo. Alikuwa kijana, pua nyekundu kwa baridi, akavua buti zake mlangoni kwa adabu. Tantine ndiye aliyemleta mpaka kwa Pani Milena. Nilikuwa sakafuni, katikati ya sweta jeupe, nusu sweta nusu shada. Tantine alizungumza, Pani akazungumza, nikasikia jina langu, nikasikia neno teacher, Pani akajishika kifua, kwamba ni yeye. Kisha Tantine akainama kwangu, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya upole ambayo nilikuwa sijaisikia tangu uwanja wa ndege:

"Faida, mama huyu ni wa masomo. Simama. Mwoneshe Kiingereza chako."

Jamani, nilisimama.

Nilijikung'uta manyoya. Hii ndiyo mitihani, nilijiambia, hii ndiyo siku hiyohiyo. Nikaanza. Nilishika gunia: wool. Nilishika uzi: yarn. Skein. Ball. Needle. Nikavuta ncha ili aone mstari ukikimbia, nikasema unravel, neno gumu kuliko yote. Nikasema dyed in the wool. Nikaoneshea dirishani, nikagusa kichwa changu, nikasema wool-gathering, na yule mama akacheka kwa furaha ya kweli, akapiga makofi. Nami nikaongeza příze, kwa ile r yake, kama mtu anayemtilia mteja konzi juu ya kibaba.

Alinishika mkono kunipongeza. Mkono ukabaki mkononi mwake kidogo, kwa sababu aliviona vidole. Alimtazama Pani. Pani akasema neno moja au mawili, nadhani alisema ni ukavu wa baridi. Yule mama akatazama tena, kisha akauachia. Akavaa buti zake. Jina lake sikulijua. Ningelijua ningeliweka hapa, la tatu.

Mlango ulipofungwa Pani Milena alichemsha chai. Tantine alibaki, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na wakakaa meza moja wakicheka kama dada. Pani aliinuka, akachukua lile shada jeupe, akanifunika nalo macho, taratibu, kwa mchezo. Pull the wool over the eyes, alisema. Sema. Nikasema, manyoya yakiniingia mdomoni. Halafu akanibana pua kwa vidole viwili: na kwetu, věšet bulíky na nos. Bulíky ni ndama dume, alinionesha pembe. Unamtundikia mtu ndama puani. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilidhani ni zawadi ya kufaulu.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya wote. Nilikuwa na daftari moja la kambini, limebaki kurasa chache, na penseli. Nikavitia kwenye mfuko wa plastiki, nikavaa koti, nikasimama mlangoni na kina Divine.

"Weye unakwenda wapi?" Tantine aliuliza.

"Masomo. Nimefaulu."

Divine alianza kucheka, mama yake akamtazama, akanyamaza. Tantine alinifungua zipu ya koti mwenyewe, polepole, kama anayemvua mtoto mchanga.

"Bado kidogo," alisema. "Mama yule amesema bado kidogo. Ongeza maneno."

Nikavua viatu. Na hili mnisikie vizuri: sikulia, sikununa. Nilikwenda moja kwa moja kwa Pani Milena, nikamwambia kwa mikono na kwa kondoo wangu wote kwamba nataka maneno zaidi. Alifurahi. Akanipa gunia jipya.

Niliongeza maneno mpaka nikafika miaka kumi na minane. Kisha Tantine alihamia Mississauga, kwenye nyumba yenye vyumba vya Divine na Kevin, na chumba changu hakikuwepo. Nikapata kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Kiingereza cha kula na cha kuombea ruhusa nilikipata huko, kwa Wafilipino. Maana ya ule msemo wa sufu machoni, kumdanganya mtu akiwa anatazama, niliipata hukohuko, msimamizi alipomfokea mtu aliyedanganya saa zake za kazi. Nilitabasamu, nikamkumbuka Pani na lile shada. Nilifikiri tulimdanganya yule mama wa ofisi, basi. Tulimdanganya sote watatu.

Tena nilikutana na Milena, pale kituo cha basi Eglinton na Don Mills, nikiwa na mimba ya binti yangu. Amezeeka, fimbo mkononi, yuko na rafiki yake. Aliniita kwa sauti. "Huyu," alimwambia rafiki, "ndiye msichana wangu. Kiingereza nilimfundisha mimi." Nami nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili na kupinda magoti kidogo, kama tunavyofanya kwa wakubwa, nikamwambia asante. Alilengwa na machozi. Akanishika tumbo, akamtakia mtoto heri.

Miaka minne baadaye nilimpeleka mtoto huyo kuandikishwa shule. Nilimvalisha vizuri. Wiki nzima nilikuwa nimemkaririsha rangi na wanyama na siku za wiki, kwa sababu nyumbani tulikuwa tunasema Kiswahili na niliogopa. Mama wa ofisi ya shule aliuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, chanjo, na mahali tunapoishi. Akagonga mhuri. Mimi nikabaki nimesimama.

"Bado kuna kitu?" aliuliza.

Nikamwambia hajampima Kiingereza.

Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Mama, hatupimi mlangoni," alisema. "Anayekuja anaingia. Kiingereza watamfundisha humo ndani."

"Hata mkubwa? Wa miaka kumi na miwili?"

"Hata mkubwa."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za shule, nikasikia manyoya mdomoni.

Milena amekwisha kufa, niliambiwa na jirani wa zamani. Tantine Josepha yu hai, hutuma salamu kila Krismasi, na huwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyenileta Canada, jambo ambalo ni kweli. Shule imenipita, kifua kimebaki na mluzi wake, na hayo nimeyazoea kama mtu anavyozoea goti bovu. Lakini ile asante ya kituo cha basi niliitoa kwa mikono miwili, na aliyeipokea amekwenda nayo.