Nambari Yenye Miguu Miwili

Juzi nilipanga foleni katika ofisi moja hapa Nyeri, nikifuatilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto wangu. Mbele yangu alikuwa mzee wa Giakanja, mwenye mguu mmoja na magongo mawili. Alikuwa amebadilishiwa nambari ya kitambulisho baada ya kugundulika kwamba mtu mwingine ana nambari kama yake. Tangu hapo, pesa zake za ulemavu zilikuwa zimesimama.

"Guka, aliyekatwa mguu ni nambari ya zamani," karani alimwambia kwa upole, kama mjukuu anayemwita babu yake, akimgeuzia kompyuta ajionee. "Hii mpya iko sawa. Haina ulemavu."

Mzee alitazama kompyuta, kisha akatazama chini. "Ati iko sawa? Basi iambie initembeze mpaka nyumbani."

Karani alifungua fomu mpya. Aliandika mwaka ambao mguu ulikatwa, lakini mashine ikaukataa, kwa kuwa nambari ilitolewa mwezi jana tu. Alijikuna shingo. "Guka, tukisema umekatwa mwezi jana, pesa zitarudi."

"Na hii miaka kumi na tano nilikuwa nacheza?"

"Niandike ama nisiandike?"

Mzee alipumua. "Mke wangu pia anakula kwa pesa hizo," alisema. "Andika."

"Mahali pa ajali?"

Mzee aligeuka, akatuangalia sote tuliokuwa nyuma yake. "Mwezi jana wote nilikuwa hapa. Andika ni kwa hii foleni."

Karani aliandika. Nami nikavuta miguu yangu yote miwili karibu.