Nilivyobadilisha kioo cha gemu ya marehemu mume wangu nikiwa ndani ya eda

Wakuu, salamu kwenu nyote, na nyinyi kina dada mnaosoma kimya kimya humu bila kuandika, salamu zenu ziko pale pale.

Juzi nimesoma uzi wa kijana mmoja aliyeunda gemu ya mkononi nyumbani kwake, kisha akabadilisha kioo mwenyewe. Hongera zake. Chini yake bwana mmoja akaandika kwamba kazi hiyo mwanamke haiwezi, mikono yetu imezoea unga.

Nikacheka peke yangu. Halafu nikaona wacha niandike.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, Mtopanga, Kisauni, miaka ya tisini. Atakayeona nimetia chumvi anionyeshe ni wapi, nitaitoa.

Mume wangu alikuwa fundi wa redio na TV. Nitamwita Athman. Alikuwa na meza ya kazi barabarani, akishirikiana na mwenzake mmoja Mgiriama, Kazungu. TV za watu zilikuwa zinaondoka pale zikiwa nzima. Ya nyumbani kwetu ilikuwa wazi mgongo mwaka mzima, kila akikosa kipuri anakuja kukichomoa kwetu. Mganga hajigangi.

Wakati huo zile gemu za kuchomeka kwenye TV, za kaseti za manjano, zilikuwa zimeingia mjini. Athman alizipenda kuliko watoto wa shule. Sasa gemu anayo, TV ya kuchezea hana, na sababu ni yeye mwenyewe.

Akaamua kuunda yake. Alichukua bodi ya gemu, akachukua kioo cha TV ndogo ya mkononi iliyoharibika, akavitia ndani ya kisanduku cha mbao alichokichonga kwa mkono. Vitufe alivikata kutoka kwenye vishikio vya gemu. Nyuma kulikuwa na nafasi ya betri kubwa, na juu akakifunika chote kwa ngozi ya mkoba wangu wa zamani, bila kuniuliza.

Kilikuwa kizito. Ukikishika kwa muda mikono inauma. Lakini kilikuwa kinafanya kazi, na mimi ndiye niliyemshikia tochi siku zote alipokuwa akilehemu. Kila waya niliujua unatoka wapi unakwenda wapi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kufanya kazi huku anasema, na msikilizaji nilikuwa mimi tu.

Mamake alikuwa anakaa Takaungu. Kila tukienda kumtembelea Athman alikibeba kile kisanduku amwonyeshe. Mavyaa (nasi ndivyo tunavyomwita mama wa mume) alikuwa hachezi, hajui kubonyeza hata kimoja. Alikuwa anapenda kumtazama mwanawe akicheza.

Athman alifariki kwa maradhi ya ghafla. Hayo sitayaandika hapa.

Kwa msiojua mambo yetu, mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na ushei. Hatoki bila haja kubwa, hajipambi, hajitii manukato, na hakai na wanaume wasiokuwa maharimu wake. Dini hainyimi mjane kusema na mtu kwa haja akiwa nyuma ya pazia. Ila mimi nilikuwa chini ya ulinzi wa Mama Mkubwa, dadake mamangu, naye alikuwa na masharti yake ya nyongeza. Sauti yangu isisikike nje, basi.

Matanga yakawa nyumbani kwetu. Samani zilitolewa, magodoro yakakusanywa kwa majirani, wanawake wakalala chini sebuleni na vyumbani. Kama mnavyojua, siku ile hakuna anayeuliza kitu ni cha nani. Kilicho laini kinatandikwa, kilichobaki kinasukumwa.

Kile kisanduku Athman alikuwa anakihifadhi ndani ya foronya kisiingie vumbi. Mavyaa alikikuta kitandani, akaona ni mto mgumu. Akakipachika chini ya kichwa cha godoro lake, ili liinuke kidogo, akalala hapo matanga yote.

Siku ya kurudisha magodoro ya watu ndipo nilipokiona. Nikafungua foronya. Kioo kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe, na weusi umetambaa ndani yake kama wino uliomwagika.

Nilikirudisha ndani ya foronya nikakitia kabatini, nikafunga kwa ufunguo. Nilijua godoro lile lilikuwa la nani. Mama wa watu amezika mwana, mimi nimwambie nini?

Sasa sikilizeni mtihani ulipokuja.

Mavyaa alikuwa akae nasi mpaka khitma ya arubaini, kisha arudi kwake. Jioni moja tuko pamoja tunachambua mchele, akaniambia ana ombi moja tu katika vitu vya mwanawe. Nguo sitaki, akasema, vyombo sitaki. Nipe kile kijisanduku chake.

Nikamjibu, "Ni chako, mama. Siku ya kuondoka nitakupa."

Ningejibu nini jingine? Na kutoka siku ile akawa hakisahau. Akiamka anakiuliza, tukimaliza kula anakiuliza. Kiko salama? Kiko wapi? Mbona huniachi nikakitia kwenye mkoba wangu mapema? Mimi nasema subiri, mama, nakifuta vumbi. Nikawa nalala vibaya kwa kumwazia yuko peke yake Takaungu, anafungua ile foronya, anauona ule ufa, na anakumbuka alikuwa amelalia nini.

Nikaamua lazima kiwe kizima kabla ya arubaini.

Wakuu mtasema, si umpe mtu apeleke kwa fundi. Ningependa. Lakini mavyaa alikuwa anakaa sebuleni karibu na mlango kutwa nzima, na kila kinachotoka anauliza ni nini. Kisanduku kile hakikuwa cha kuficha chini ya buibui.

Nilikuwa na mdogo wangu Zuhura, aliyekuwa akifanya kazi hotelini Bamburi. Nikamtuma kwa Kazungu. Bahati ikawa Kazungu ana TV ndogo ya mkononi aliyoachiwa na mtu akakata tamaa nayo. Ilikuwa haishiki stesheni hata moja, ila kioo chake kizima. Zuhura akaingia nayo ndani ya kikapu cha muhogo.

Vyombo vya kazi vya Athman vilikuwa vimeletwa nyumbani, kwa hiyo chuma cha kulehemu nilikuwa nacho, na risasi ya kuunganishia waya, na bisibisi. Kilichokosekana ni mtu wa kuniambia waya upi unakwenda wapi kwenye ile TV ngeni. Ya zamani niliijua, hii siijui.

Kazungu akaja alasiri moja, kwa kisingizio cha kuulizia vyombo vya kazi. Akawekewa kiti nje, chini ya dirisha la chumba changu, upande wa nyuma, mbali na masikio ya mavyaa. Pazia limeshushwa. Mimi niko ndani nimekaa chini, kisanduku kiko wazi mapajani. Zuhura amesimama dirishani, katikati yetu.

Sharti la Mama Mkubwa likafuatwa neno kwa neno. Kazungu anasema, "Mwambie atafute waya tatu nene." Mimi namsikia wazi, pazia lenyewe ni leso. Lakini nasubiri Zuhura ageuke aniambie, "Anasema utafute waya tatu nene." Nami namnong'oneza Zuhura, naye anapaza sauti kumwambia Kazungu aliye hatua mbili kutoka kwangu. Jambo la muda mfupi likachukua alasiri nzima, kwa sababu Zuhura naye alikuwa anakosea. Kazungu anasema waya wa picha, yeye analeta waya wa umeme, nami nakaa namtazama tu kwa kuwa nimeshasikia lililo sawa.

Kushika tochi ni kitu kimoja na kulehemu ni kingine. Nilijiunguza kidole cha shahada, nikalia kidogo, na sikulia kwa kidole. Kisha nikaendelea.

Moshi wa risasi ukatoka mpaka sebuleni. Mama Mkubwa akaja mlangoni akauliza ni nini kinanukia, mjane hatiwi udi. Nikamwambia ni moshi wa kulehemu. Akanusa tena, akasema hauna harufu nzuri, basi hauhesabiki. Akaenda zake.

Nikaweka betri, nikawasha kujaribu.

Wakuu, nilisahau spika. Wimbo wa gemu ukalia nyumba nzima, ule wa furaha wa kuanzia mchezo, na sebuleni wanawake wanasoma Yasini. Nikazima haraka. Zuhura akatoka mbio akasema ni gari la kuchezea la mtoto wa jirani. Wasomaji walikosea mstari wakarudia.

Nikazikata waya za spika hapo hapo. Nikawasha tena.

Picha ikaja. Safi, rangi zake zote. Ila kichwa chini. Kijitu cha gemu kinakimbia darini.

Kioo cha TV ile ngeni kilikuwa kimefungwa kinyume na cha zamani, na mimi nimekitia kwa kufuata pale utepe wa waya unapofika. Nikamnong'oneza Zuhura. Zuhura akamwambia Kazungu. Kazungu akacheka mpaka akakohoa, halafu akasema nikigeuze kioo chote, na waya zisipofika niziongeze.

Hazikufika. Nikachukua zile waya za spika nilizozikata nikazitumia kuongezea. Tundu la mbele nalo halikulingana, nikalichonga kwa kisu cha jikoni mpaka kioo kikakaa. Nikafunga ngozi juu. Ukitazama kwa mbali hujui. Ukitazama kwa karibu unaona pembe moja haikunyooka, na hiyo pembe ni yangu, siyo ya Athman.

Nilikiwasha tena nikakaa nacho kidogo. Nilimkumbuka sana. Nikazima nikakitia ndani ya foronya.

Khitma ikasomwa, watu wakala, wakaondoka. Asubuhi yake mavyaa amefunga mizigo, gari linamsubiri. Nikamletea foronya kwa mikono miwili, roho yangu nyepesi kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Akakitoa. Nikamwonyesha pa kuwasha. Kioo kikawaka, kijitu kikasimama wima mahali pake.

Mavyaa akakitazama kwa muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya kioo, kutoka pembe hadi pembe, pale pale ulipokuwa ule ufa. Kisha akaniuliza, taratibu:

"Kimepona vipi?"

Ilinichukua muda kuelewa alichouliza. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kilikuwa kigonjwa.

Akakaa juu ya mizigo yake. Akasema, "Nalikisikia kikilia chini ya kichwa changu, siku ya kwanza ya matanga. Nikafungua nikaona nimefanya nini. Nikakirudisha pale pale chini ya godoro, nikanyamaa. Nikasema mkwe wangu asikione hiki hali yuko ndani ya eda. Wacha nikiombe, nitoke nacho, nimpe Kazungu akitengeneze, nimrudishie siku anayotoka."

Ndiyo maana alikuwa anakiuliza kila saa. Mimi nafunga kabati ili asikione, na yeye anakiomba ili nisikione.

Nikamwambia basi sasa kizuri zaidi, ni kizima, nenda nacho mama.

Akakizima. Akakirudisha ndani ya foronya, akaikunja vizuri, akaniwekea mapajani.

"Mimi nalikitaka kwa kuwa kimevunjika," akasema. "Kizima ni chako."

Tukalia wote wawili, na gari likapiga honi mpaka likachoka.

Ndiyo hivyo wakuu. Funzo nililopata mimi ni la aina mbili. La ufundi: kabla hujafunga kisanduku, washa kwanza utazame picha imesimama upande gani, na spika uikate mapema kama kuna watu wanasoma karibu. La pili ni kwamba msibani kila mtu anamlinda mwenzake kwa kunyamaza, na mara nyingine mnalindana na kitu kile kile. Tungesemezana siku ya kwanza, tungelia mara moja tukamaliza. Ila sijui kama ningejifunza kulehemu.

Wenye kutaka picha, sina, wakati huo kamera ilikuwa ya harusi. Yule bwana wa mikono ya unga namngoja hapa chini. Na kama nawe uliwahi kumfichia mtu jambo ukakuta yeye naye alikuwa anakufichia hilo hilo, hebu andika ilikuwaje, nasoma zote.