Mkwaruzo kwenye Gari la Bwana Tassone

Godelieve Vrancken aliajiriwa katika kiwanda cha magari cha Genk akiwa na miaka kumi na tisa, na kazi aliyopewa wengi waliiona ya mchezo: kupapasa magari. Alisimama mwisho wa mstari wa rangi, chini ya taa nyeupe zisizoacha kivuli, amevaa glavu nyembamba za pamba, na kila gari lililofika mbele yake alilipitishia mikono kuanzia boneti mpaka buti. Alitafuta kile ambacho macho hayakioni: chembe ya vumbi iliyonaswa chini ya rangi, tone lililochuruzika, sehemu iliyokauka vibaya ikawa kama ganda la chungwa. Akiipata anaizungushia chaki, na akiwa na nafasi anairekebisha mwenyewe. Alifanya hivyo miaka thelathini na mitano, hadi kiwanda kilipofungwa wiki moja kabla ya Krismasi.

Kazi ile ilimwingia mwilini. Akienda dukani anapapasa meza. Akisubiri basi, anapapasa kiti. Jos, mwanamume aliyeishi naye miaka tisa, aliondoka akisema kwamba ndani ya nyumba ile friji linapapaswa kuliko yeye. Kisa hicho Godelieve alikisimulia mwenyewe, akicheka, kwa kuwa kilikuwa cha kweli.

Baada ya kiwanda kufungwa alipata kazi ya usafi katika shule ya msingi, akakaa nayo mpaka alipostaafu. Maji ya moto na dawa za sakafu vilimla mikono. Ncha za vidole zilikakamaa, zikapasuka, zikapona zikiwa ngumu. Hakumlalamikia mtu. Aliacha tu kupapasa vitu, kama mtu anavyoacha kuimba sauti inapomkauka.

Jirani yake, ukuta kwa ukuta, katika mtaa wa nyumba za wachimba makaa wa Winterslag, alikuwa Carmelo Tassone, mzee wa miaka themanini na miwili aliyekuja kutoka Calabria akiwa kijana wa kumi na saba ili ashuke mgodini. Walikuwa majirani kwa miaka ishirini na sita. Walipeana nyanya na chupa za jamu juu ya ua, lakini Godelieve bado alimwita Bwana Tassone, naye mzee alimwita Lieve bila kumwomba ruhusa mtu yeyote. Tangu mkewe Assunta alipofariki, binti yake Fiorella, mfamasia huko Hasselt, alikuwa akija kila Jumapili kula naye, na kila Jumapili alitafuta namna ya kumwambia kwamba umri wa kuendesha gari umempita. Mzee alimjibu kwa kununua gari jipya.

Lilikuwa gari jipya la kwanza maishani mwake. Yote yaliyotangulia aliyapokea kwa watu, yakiwa na harufu za mbwa wao na sigara zao. Hili lilikuwa dogo, la rangi ya fedha yenye kumetameta, na kwa siku kumi mzee alilifuta kila asubuhi kwa kitambaa laini kabla hata hajanywa kahawa. Siku ya kumi na moja, Jumatatu, aliingia jikoni kwa Godelieve kupitia mlango wa nyuma, kofia mkononi, akamwuliza kama ana nafasi kidogo.

Gari lilikuwa limeegeshwa ndani ya banda lake, mlango umefungwa mchana kweupe. Mzee aliwasha taa. Juu ya madigadi ya nyuma, upande wa kushoto, palikuwa na mkwaruzo mrefu kama kiganja.

"Ni lile kontena la kutupia chupa," alisema. "Nilikwenda kutupa chupa. Lile dude lilikuwa nyuma yangu."

"Kontena lile lipo pale tangu mwaka wa tisini, Bwana Tassone."

"Najua. Ndiyo maana sikuliangalia."

Godelieve alichuchumaa. Aliweka ukucha juu ya mkwaruzo akauvuta taratibu kwa kuukatisha. Ukucha ungeteleza, ingetosha kupiga polishi jioni moja na mambo yakaisha. Lakini ukucha ulikwama. Chini ya ile fedha ilionekana praima, ile rangi ya kijivu ya msingi, ingawa bati lenyewe lilikuwa salama. Alimshauri mzee alipeleke gereji. Mzee alitikisa kichwa. Gereji wangeandika barua kwa watu wa bima, watu wa bima wangeandika barua kwake, na barua zake zote alizisoma Fiorella, kwa sababu mzee mwenyewe Kiholanzi cha maofisini hakikuwahi kumkaa.

"Fiorella akiuona huu," alisema, "funguo zinahamia Hasselt. Lieve, wewe umefanya kazi hii maisha yako yote."

Godelieve aliificha mikono ndani ya aproni. Alisema haijagusa rangi kwa miaka minane, imeharibika, asiitegemee. Huku akisema hivyo, mkono wa kulia ulikuwa umeshatoka tena, umeanza kutembea juu ya gari bila yeye kuutuma, ukavuka mkwaruzo, ukashuka kuelekea gurudumu. Ukasimama.

"Na huu hapa?" aliuliza.

Mzee alisema hapo hamna kitu. Alivaa miwani, akainama, akaileta taa karibu. Palikuwa na alama nyembamba kama unywele, isiyofikia urefu wa punje ya mchele. Hakuwa ameiona. Godelieve naye hakuiona, aliihisi. Alibaki amechuchumaa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakutaka mzee amwone uso.

Aliposimama, alisema ataitengeneza, ila kwa sharti moja. Kwanza mzee ampakie garini na kumwendesha.

"Wapi?"

"Maaseik na kurudi. Kama Fiorella ana haki, bora nijue kabla sijamsaidia mtu kumficha jambo hili."

Mzee alinuna. Alisema alikuwa akiendesha gari wakati Godelieve anapanda baiskeli ya magurudumu matatu. Lakini Jumanne asubuhi alikuwa mlangoni, amenyoa ndevu, amevaa koti la kanisani.

Aliendesha vizuri. Jambo hilo lilimshangaza Godelieve, maana alikuwa amejiandaa kushika mlango kwa mikono miwili. Mzee hakukimbia wala hakusinzia, aliwapisha wenye baiskeli, na kwenye mizunguko aliingia kwa zamu yake bila papara. Mjini Maaseik walinunua vlaai, ile keki bapa ya wali na maziwa, wakala vipande viwili kwenye benchi la uwanjani. Ni walipotaka kuondoka ndipo Godelieve alipoelewa. Mzee aliweka gia ya nyuma, akatazama mbele, gari likaanza kurudi.

"Simama," alisema Godelieve. "Mbona hugeuzi shingo?"

Haikugeuka. Mwaka wa sabini na moja jiwe la paa la mgodi lilimwangukia mabegani, na tangu hapo shingo yake iligeuka robo tu. Magari yake ya zamani aliyazoea, alijua kila moja linaishia wapi. Hili bado hakulijua. Godelieve aliuliza kuhusu ile kengele. Magari yote ya siku hizi hulia ukikaribia kitu. Mzee alikohoa. Alikiri kwamba siku ya pili tu alimwomba kijana wa duka la magari aizime, kwa kuwa ilimkaripia.

Wakiwa njiani kurudi, Godelieve alimwambia akate kulia kwenye barabara iendayo kiwanda cha zamani. Hakuwa amekanyaga huko tangu siku ya mwisho. Majengo mengi yalishabomolewa na mahali pake yamesimama maghala, lakini kipande cha maegesho ya wafanyakazi kilikuwa bado kipo, lami imepasuka, majani yameota. Alisoma kitabu cha gari mpaka akaipata kengele, akaiwasha. Kisha alishuka, akaokota makopo mawili, akayapanga, akasimama kando na kumwamuru mzee arudi nyuma kwa kusikiliza. Kwa saa nzima Carmelo Tassone alikwenda mbele na nyuma kati ya makopo yale, akilaani kwa Kikalabria, na Godelieve aliyepita pale maelfu ya asubuhi akiwa na mkoba wa chakula aligundua kwamba anacheka peke yake katikati ya uwanja mtupu. Kopo moja liliangushwa mara mbili, halafu halikuangushwa tena.

Rangi ilifika Alhamisi, kichupa kidogo kilichoagizwa kwa namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Godelieve aliosha pale mahali kwa sabuni, akapafuta kwa spiriti, akakaa kwenye kigoda anachotumia kuchuma maharage. Alikitikisa kichupa mpaka mkono ukamuuma, kwa sababu chembe za fedha huzama chini.

"Katika rangi zote za dukani," alimwambia mzee, "umechagua hii. Nyeupe ingenisamehe. Fedha haisamehi."

Hakika haikumsamehe. Alitia rangi nzito mno kwa pupa ya mtu aliyekaa na njaa siku nyingi, na ilipokauka ikawa mstari mweusi-mweusi uliouzidi mkwaruzo wenyewe kwa ubaya. Aliifuta yote kwa kitambaa chenye thina kidogo, akaenda nyumbani kwake, akanywa kahawa akiwa amesimama. Aliporudi aliiweka kando ile brashi ya kichupa, akachukua kijiti cha meno. Safari hii alidondoshea rangi tone kwa tone ndani ya mfereji wa mkwaruzo, nyembamba, akasubiri ikauke, akarudia. Mara tatu. Ijumaa alipaka vanishi juu yake hata ikavimba kidogo, akasema sasa mtu yeyote asiguse kwa wiki moja.

Jumapili ilikuwa katikati ya wiki hiyo. Mzee aliliegesha gari ubavu wa kushoto ukiwa umeelekezwa kwenye ua wa miti, karibu kiasi kwamba hata paka asingepita. Fiorella aliuliza kulikoni. Baba yake alimjibu kwamba anakinga jua. Mvua ilikuwa inanyesha.

Ijumaa iliyofuata Godelieve alikata kipande cha msasa laini kabisa, ule wa kusugulia na maji, akakifunga kwenye kifutio cha penseli. Alisugua ule uvimbe polepole kwa maji ya sabuni, akisimama kila mara kupapasa, akisugua tena, mpaka pakawa sawa na panapozunguka. Palionekana pamefifia kama kioo chenye mvuke. Ndipo akapiga polishi kwa kitambaa, kwa miduara midogo, na mwanga ukarudi kidogo kidogo hadi taa ya banda ikajionyesha nzima juu ya madigadi. Mzee alivaa miwani. Akaivua. Akaivaa tena. Alimshika Godelieve mkono, akazibusu ncha za vidole vyake, moja baada ya nyingine, kama wanavyofanya kwao watu wakishiba.

Jumapili hiyo alialikwa chakula cha mchana. Gari liliegeshwa mbele ya nyumba, wazi, na Fiorella alilipita mara tatu bila kuona kitu. Kila kitu kilikuwa kimekwenda sawa. Lakini Godelieve, aliyeketi mkabala na mzee, alimwona akihangaika. Alikula tambi bila kuzisikia ladha. Alichungulia dirishani. Mwishoni aliweka uma chini, akamwambia binti yake atoke nje naye.

Wote watatu walisimama kando ya gari. Mzee aliushika mkono wa Fiorella akaubandika juu ya madigadi.

"Papasa hapa. Unahisi nini?"

"Sihisi kitu, Papà."

"Hasa," alisema mzee, uso wote ukimng'aa. "Hakuna kitu."

Fiorella alimtazama baba yake, kisha akamtazama Godelieve, ambaye alikuwa amefumba macho. Akauliza hapo palikuwa na nini. Mzee ndipo alipotambua alichokifanya. Akaeleza yote: chupa, kontena, kengele, ua wa miti. Fiorella alisikiliza amekunja mikono. Aliyemgeukia mwisho alikuwa Godelieve.

"Nawe ulijua, dada Lieve. Ukamsaidia."

Godelieve hakujitetea. Alimweleza safari ya Maaseik na yale makopo mawili. "Mbele anaendesha kuliko mimi," alisema. "Nyuma haoni kitu. Ni shingo, si akili. Kengele ikiwashwa anafika, ikizimwa hafiki."

Fiorella akacheka, kicheko chenye machozi ndani yake, akasema kwamba yeye amekaa miaka miwili akimpigia baba yake kelele na hajawahi hata mara moja kuketi garini naye. Mezani walikubaliana: mzee ataonyesha shingo kwa daktari, kengele haitazimwa tena, na siku za barafu gari litakaa bandani. Mzee alinung'unika kwenye kila neno, akakubali yote, akaongeza mvinyo.

Kabla ya kuondoka, Fiorella alirudi kwenye gari akapapasa tena, macho amefumba. Hakupata kitu. Alimwuliza Godelieve kama yeye anaupata ule mkwaruzo. Godelieve alipitisha kidole mara moja tu.

"Naupata," alisema.

Mzee alishtuka, akataka kuonyeshwa ni wapi. Godelieve alikataa katakata, akasema hiyo ni siri ya kazi. Majira yote ya joto majirani walimwona Carmelo Tassone asubuhi na mapema, amechuchumaa nyuma ya gari lake na kitambaa begani, akipapasa madigadi kwa kidole kimoja, na dirishani kwa jirani yake mtu akinywa kahawa taratibu huku akimtazama.